Saa imepotea, diski inasingiziwa: makosa ya fsck Linux inapowaka

Mwaka 2013 mama mmoja mwenye duka la stesheneri mjini Morogoro alinipigia simu asubuhi, kabla sijamaliza chai.

"Fundi, mashine imegoma tena. Imejaa maandishi meupe tu."

"Nisomee mstari wa mwisho, mama."

Akaanza kunisomea herufi moja moja. Nikamwomba asiguse kitu, nakuja. Kwenye kioo nikakuta hivi:

```
/dev/sda1: Superblock last write time (Mon Mar 11 18:20:10 2013,
        now = Sat Jan  1 00:03:27 2011) is in the future.

/dev/sda1: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY.
        (i.e., without -a or -p options)
fsck died with exit status 4
```

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshamwambia kwamba diski imekufa, atafute nyingine. Diski ilikuwa nzima kabisa, na jibu lilikuwa limeandikwa palepale kwenye mabano. Kompyuta inasema iliandikwa mara ya mwisho Jumatatu tarehe 11 Machi 2013, saa 12 na dakika 20 jioni, muda uleule ambao mama alifunga duka. Halafu inaendelea kusema kwamba sasa hivi ni usiku wa manane wa Mwaka Mpya 2011. Kilichokufa ni kibetri cha duara kwenye mazabodi, ambacho bei yake haikufika soda tatu.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja. Nikikuta Linux imesimama kwenye fsck, ile programu inayokagua mfumo wa faili kwenye diski, macho yangu yanatafuta tarehe kwanza na diski baadaye. Pengo kati ya tarehe mbili zilizo kwenye ujumbe karibu kila mara hukwambia chanzo ni nini, kabla hujaandika amri hata moja.

## Kwa nini diski inajali saa

Mifumo ya faili ya ext2, ext3 na ext4 ina kijisehemu kinachoitwa superbloku, ambacho hubeba taarifa kuu za mfumo mzima. Miongoni mwa taarifa hizo kuna mihuri ya wakati: lini mfumo uliundwa, lini ulipachikwa (yaani kuunganishwa ili utumike) mara ya mwisho, lini uliandikwa, na lini ulikaguliwa. Unaweza kuiona kwenye mashine inayowaka vizuri:

```
sudo dumpe2fs -h /dev/sda1 | grep -Ei 'created|mount time|write time|checked'
```

Linux inapowaka, kerneli, yaani kiini chake, huazima wakati kutoka saa ya maunzi, ile inayotembea hata kompyuta ikiwa imezimwa. Baadaye e2fsck, ambayo ndiyo inayofanya kazi nyuma ya jina fsck kwenye ext, hulinganisha saa hiyo na mihuri. Ikikuta muhuri wa kesho hushtuka, na ina haki, maana kwa mtazamo wake mambo mawili tu yanawezekana: saa ni mbovu au superbloku imeharibika. Yenyewe haina njia ya kujua ni lipi. Wewe unayo, kwa sababu una simu mfukoni yenye saa sahihi.

Matoleo ya zamani yalisimama na kudai mtu aje. Yaliyofuata yalilegezwa: pengo likiwa chini ya siku moja, e2fsck huandika kwamba huenda saa ya maunzi imewekwa vibaya, hurekebisha muhuri, na safari inaendelea. Kwa hiyo wengi wana tatizo hili na hawalijui, hadi kivinjari kinapokataa kila tovuti kwa `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, au apt, programu ya kusakinisha vifurushi, inapolalamika kwamba faili ya Release `is not valid yet`. Hizo zote ni ndugu wa fsck inayolalamika. Ukiziona kwa pamoja kwenye mashine moja, acha kuhangaika na diski.

## Pengo la miaka: betri

Tarehe ikirudi kwenye siku ileile kila unapowasha, tena siku yenye sura ya kutungwa kama tarehe 1 Januari ya mwaka fulani, hiyo ni tarehe ya kiwandani ya BIOS, programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Linux. Saa ya maunzi ilikosa umeme kabisa ikaanza upya. Kwenye matoleo mapya yanayotumia systemd, programu inayosimamia uwashaji, unaweza kukuta mstari huu kwenye kumbukumbu:

```
System time before build time, advancing clock
```

Maana yake systemd imeona saa iko nyuma ya siku ambayo programu yenyewe ilitengenezwa, jambo lisilowezekana, ikaisukuma mbele. Hatua hiyo ni nzuri, lakini haikuokoi palepale: kwenye Debian na Ubuntu mzizi wa mfumo hukaguliwa ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia kuwaka, yaani kabla systemd haijashika usukani. fsck inakuwa imeshaiona saa ile mbovu.

Betri yenyewe kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032: volti 3, kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, na namba ndiyo inavyosomeka. Ukiwa na mita, betri mpya husoma volti 3 na ushee. Ikiwa imeshuka kuelekea 2.5, itoe. Kwenye kompyuta mpakato nyingi betri hiyo imefungwa ndani ya plastiki nyeusi na ina waya mbili zenye plagi, kwa hiyo usifike dukani mikono mitupu. Nenda na ile ya zamani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huniuliza mbona kwao betri hizi hazidumu. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye soketi yenye umeme, hata ikiwa imezimwa, bado hupitisha umeme kidogo kwenye mazabodi, na saa hula umeme huo. Betri inapumzika. Sasa yule mama wa Morogoro, kama wenye maduka wengi wanaohesabu uniti za luku, jioni alizima swichi kuu ya chumba kizima. Kuanzia jioni hadi asubuhi, na Jumapili nzima, saa ilikuwa inakula betri. Tena kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, imekuja na betri iliyoanza kazi miaka kadhaa nyuma kwenye ofisi ya mtu mwingine. Sikumwambia aache kuzima swichi, luku ni yake. Nilimwambia betri abadilishe kila anapoona saa inachelewa, asisubiri ipotee.

Kuna kitu kingine kilichonifurahisha kwenye kesi ile. Mama alikuwa anarekebisha tarehe kila asubuhi kwa mkono kwa sababu barua za wateja zilichapwa na mwaka 2011. Kwa kufanya hivyo ndiyo alikuwa anatengeneza kosa la kesho yake: jioni superbloku inapigwa muhuri sahihi wa 2013, usiku saa inapotea, asubuhi 2013 inakuwa "siku zijazo". Angeiacha saa mbovu, fsck isingesimamisha mashine. Pengo lingekuwa la saa chache tu.

Utaratibu wa kurekebisha ni huu, na mpangilio wake una maana. Zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri. Washa, ingia BIOS, weka tarehe na saa. Kama mashine ni ya Linux peke yake, saa ya maunzi hukaa kwenye UTC, saa ya dunia ya kulinganishia, kwa hiyo ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala toa 3 kwenye saa ya ukutani: ukutani ni 11:20, BIOS iandikwe 08:20. Hifadhi, toka, iache iwake. Mara nyingi hapo ugomvi umeisha bila kugusa fsck, kwa sababu muhuri wa jana sasa kweli ni wa jana.

## Pengo la saa 3: Windows na Linux kwenye nyumba moja

Hili ndilo linaloongoza kwa wanafunzi wenye mifumo miwili kwenye kompyuta moja. Dalili ya kwanza haitokei kwenye Linux. Mtu anasema, "Nikitoka Linux nikiingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu." Tatu kamili, si mbili na nusu. Aliyeko Bujumbura, Goma au Lubumbashi ataona 2, na aliyeko Muscat ataona 4, kwa sababu pengo hilo ni umbali wa ukanda wako kutoka UTC.

Windows huandika saa za mahali ulipo kwenye saa ya maunzi. Linux kwa kawaida huisoma saa hiyohiyo kama UTC, halafu inajumlisha 3 zake. Tuifuate mashine moja kwa karibu. Ukutani ni 10:00. Windows iliacha 10:00 kwenye maunzi. Unawasha Linux: inasoma 10:00 UTC, kwa hiyo kwako inaonyesha 13:00. Diski inapachikwa na kupigwa muhuri wa 13:00. Dakika mbili baadaye Wi-Fi inashika, saa ya mtandao inairudisha kwenye 10:02, na kerneli ikishaoanishwa na mtandao huandika wakati sahihi wa UTC kwenye maunzi kila baada ya dakika 11 hivi. Saa 10:40 unawasha upya. Sasa maunzi yanasema 07:40 UTC, Linux inaelewa vizuri kwamba ni 10:40, lakini superbloku inadai ilipachikwa saa 13:00. Muhuri uko mbele, fsck inanung'unika, na jambo la kuchekesha ni kwamba safari hii saa iko sahihi. Inalalamikia kosa la asubuhi.

Ndiyo maana lalamiko la fsck linaweza kutokea *baada* ya kurekebisha saa. Mtu ameshughulika, ameweka saa vizuri, anawasha, anakuta kosa lilelile, anakata tamaa. Hilo la pili ni la mwisho. Iruhusu irekebishe muhuri mara moja, halafu haitarudi.

Angalia hali ilivyo kwa `timedatectl`:

```
               Local time: Tue 2024-05-14 11:20:33 EAT
           Universal time: Tue 2024-05-14 08:20:33 UTC
                 RTC time: Tue 2024-05-14 11:20:33
                Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)
System clock synchronized: yes
              NTP service: active
          RTC in local TZ: yes
```

Mstari wa RTC ndio saa ya maunzi. Hapa inalingana na saa ya mahali badala ya UTC, na mstari wa mwisho unakiri hivyo. Mpangilio huu unafanya kazi, ila timedatectl yenyewe itakupa onyo kila ukiutumia. Mimi huchagua kuifundisha Windows kufuata UTC, kazi ya mara moja. Fungua dirisha la amri la Windows ukiwa msimamizi, andika kwenye mstari mmoja:

```
reg add "HKEY_LOCAL_MACHINE\System\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /d 1 /t REG_DWORD /f
```

Kisha upande wa Linux:

```
sudo timedatectl set-local-rtc 0
sudo hwclock --systohc --utc
```

Kama kompyuta ni ya kazini na Windows yake huruhusiwi kuigusa, ielekeze Linux ifuate saa za mahali kwa `sudo timedatectl set-local-rtc 1`. Sipendi, lakini afadhali mifumo miwili inayokubaliana kwenye uongo mmoja kuliko kila mmoja kushika ukweli wake.

Na wakati uko upande wa Windows, zima ule uwashaji wa haraka (Fast Startup) wa Windows 10 na 11. Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kikweli, na Linux ikijaribu kupachika sehemu ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) kwa kuandika itakataliwa kwa maelezo kwamba mfumo wa faili si safi. Watu huchanganya kosa hilo na la ext4, halafu wanaipeleka fsck kwenye NTFS. fsck ya ext haihusiki huko kabisa. NTFS irekebishe ndani ya Windows kwa chkdsk.

## Pengo la saa 6

Hili hulikuti kwenye mwongozo wowote wa Linux, lakini nimelikuta zaidi ya mara moja. Mtu amebadilisha betri, ameingia BIOS saa mbili na nusu asubuhi, akaandika 02:30. Kwake ni saa mbili na nusu, kosa liko wapi? Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Kama saa yake ya maunzi hufuata saa za mahali, mashine inaamka ikiwa nyuma saa 6 kamili, na mihuri yote ya jana jioni iko salama nyuma yake, ila ya leo alfajiri, kama ilikuwa imewaka, iko mbele.

Kwa simu siku hizi husema "andika saa za Kizungu, za mfumo wa saa ishirini na nne", na bado huwa naomba picha. Ukikuta pengo la 6 pamoja na lile la 3 la ukanda, yaani jumla 9, au yakipunguzana na kubaki 3 ya upande usioutarajia, usianze kupiga hesabu. Unganisha intaneti, andika `sudo timedatectl set-ntp true`, subiri kidogo, halafu `sudo hwclock --systohc`. Mtandao hauna saa za Kiswahili.

## Pengo la dakika: vifaa visivyo na saa

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hadi toleo la 4 haina saa ya maunzi kabisa. Toleo la 5 linayo, ila betri yake unainunua peke yake. Mifumo yake mingi ilikuja na programu ndogo ya fake-hwclock, ambayo huandika saa kwenye faili `/etc/fake-hwclock.data` wakati wa kuzima na mara moja kila saa. Umeme ukikatika ghafla, ikiwaka inaanzia pale ilipoandika mara ya mwisho. Superbloku, ambayo iliandikwa baada ya hapo, inaonekana ya mbele kwa dakika ishirini au arobaini.

Ukiweza, funga moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake, na uongeze mstari huu kwenye config.txt:

```
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
```

Usipoweza, iambie e2fsck ukweli kwamba saa ya kifaa hiki si ya kuaminika. Kwenye `/etc/e2fsck.conf`:

```
[options]
broken_system_clock = 1
```

Kwenye Debian na jamaa zake sasisha initramfs baada ya hapo kwa `sudo update-initramfs -u`, la sivyo ukaguzi wa mwanzo unaweza kuendelea na mpangilio wa zamani. Ninaona watu wakiushauri mstari huo kwa kompyuta za mezani pia, kama dawa ya betri iliyokufa. Utanyamazisha fsck, sawa, na vyeti vya tovuti vitaendelea kukataliwa, na faili zako zitaendelea kuzaliwa mwaka 2011.

## Siku 49710

Ujumbe mmoja wa zamani unastahili kutajwa kwa jina:

```
/dev/sda1 has gone 49710 days without being checked, check forced.
```

Siku 49710 ni miaka 136. Linux yenyewe ilianza 1991. Namba hiyo inatokana na hesabu: sekunde zilihifadhiwa kwenye nafasi ya biti 32 isiyokubali hasi, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho ikiwa mbele ya leo, kutoa kunazaa hasi, ambayo inageuka kuwa namba iliyo karibu kabisa na ile kubwa kuliko zote, 4,294,967,295. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku moja na unaipata 49710. Ukiiona, wakati fulani mashine ilikaguliwa saa ikiwa imekimbia mbele. Iache imalize ukaguzi huku saa ikiwa sahihi. Ikijirudia baada ya hapo, andika muhuri mwenyewe:

```
sudo tune2fs -T now /dev/sda1
```

## Pale diski inapoumwa kweli

Sasa upande wa pili, maana nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kila fsck ni betri. Kama ujumbe hautaji `in the future` wala siku 49710 popote, saa haina kosa.

`recovering journal` na `Clearing orphaned inode` baada ya umeme kukatika ni kawaida. Shajara ya ext4 imewekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Iangalie ikifanya kazi yake, usiingilie. Lakini mistari ya aina hii ni habari nyingine:

```
ata1.00: failed command: READ DMA
Buffer I/O error on dev sda1
```

Hapo usiendeshe `fsck -y`. Nasema kwa mkazo kwa sababu ndiyo amri ya kwanza watu wanayoikimbilia. Herufi y hujibu ndiyo kwa kila swali, na kwenye diski isiyosomeka fsck inaweza kukata mafaili mazima na kuyamwaga `lost+found` yakiwa na majina ya namba. Kwanza waka kwa flashi yenye Linux hai, usome afya ya diski:

```
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Tazama `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Zikiwa na namba na zinapanda, nakili diski nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine, halafu fsck uifanyie nakala. Ikiwa hizo ni sifuri na inayopanda ni `UDMA_CRC_Error_Count`, badilisha kebo ya SATA kabla ya kulaumu chochote. Mimi huwa natembea na kebo mbili begini.

Diski ikiwa nzima na ujumbe ukisisitiza ukaguzi wa mkono, kwenye alama ya `(initramfs)` andika sehemu ileile iliyotajwa kwenye ujumbe:

```
fsck -f /dev/sda1
reboot -f
```

Jibu maswali machache ya mwanzo mwenyewe uone yanahusu nini. Yakiwa ya mihuri na hesabu za nafasi tupu, unaweza kuendelea na `-y`. Yakianza kutaja bloku zinazodaiwa na faili mbili, simama ufikirie nakala kwanza. Kwa mashine inayofika mbali zaidi na kukuomba nywila ya root, hakikisha mzizi umepachikwa kwa kusoma tu, `mount -o remount,ro /`, kwa sababu fsck kwenye mfumo unaoandikwa ni kumfanyia upasuaji mtu anayekimbia. Na kama unataka tu kulazimisha ukaguzi mashine ikiwa bado inawaka, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux` ongeza `fsck.mode=force fsck.repair=yes`, kisha Ctrl na X.

Namba ya mwisho ya fsck ni ya kujumlisha. 1 ni makosa yamerekebishwa, 2 washa upya, 4 yamebaki, 8 ukaguzi wenyewe umeshindwa kufanyika. Ukiona 12 ni 4 na 8 kwa pamoja. Na ukiona 8 peke yake, mara nyingi kifaa kilichotajwa hakipo: UUID (namba ya utambulisho) kwenye `/etc/fstab` ni ya diski uliyoitoa mwezi uliopita. Linganisha na `blkid`. Kwa diski za nje ongeza neno `nofail` ili kukosekana kwake kusizuie mashine kuwaka.

Mifumo mingine ya faili ina tabia zake. Kwenye XFS, fsck kwa kawaida haifanyi chochote kwa makusudi, kazi ni ya `xfs_repair`. Kwenye Btrfs, usiguse `btrfs check --repair` bila nakala.

## Betri mpya, saa bado inaruka

Mashine za zamani hasa. Umebadilisha betri, BIOS inashika saa usiku kucha, lakini Linux ikiwaka inaruka siku kadhaa mbele au nyuma. Fungua `/etc/adjtime`. Namba ya kwanza kabisa ni makadirio ya sekunde ambazo saa hupoteza au huongeza kwa siku. Kwenye mashine nzima ni ndogo, mara nyingi chini ya sekunde chache. Kama hwclock iliwahi kupima mwendo wa saa wakati betri ikiwa imekufa, ilidhani saa inakimbia kwa maelfu ya sekunde kwa siku, na tangu hapo inajitahidi "kuisahihisha". Andika faili upya hivi:

```
0.0 0 0.0
0
UTC
```

Halafu `sudo hwclock --systohc`. Ikiwa badala yake unapata `select() to /dev/rtc to wait for clock tick timed out`, jaribu `sudo hwclock --directisa --show`. Ikijibu, kwenye Debian za enzi hizo unaandika `HWCLOCKPARS="--directisa"` ndani ya `/etc/default/hwclock` ili maandishi ya uwashaji nayo yapite njia hiyo.

Ya Morogoro ilihitaji hili pia. Betri iliingia, BIOS ikashika, kesho yake mama akapiga tena: sasa ilikuwa mwezi wa nane. Namba ya kwanza kwenye adjtime ilikuwa na tarakimu nyingi kuliko namba ya simu yake.

"Mama, leo nakusomea mimi," nikamwambia, "wewe andika." Akaandika mistari ile mitatu akiwa amebana simu begani, mteja akisubiri fotokopi.